Pau Tano za Serikali

Alikuwa na pete mbili. Moja ilikuwa ya ndoa, na ilikuwa imemkaza kidole hata haikutoka kwa sabuni. Ya pili ilikuwa ya chuma, upana wa mdomo wa bilauri, naye aliifunga kamba akaivaa shingoni ndani ya shati, pale Wakristo wenzake wanapovaa msalaba. Kazi yake ilikuwa kukagua miti ya mikoko iliyoletwa mjini kuuzwa, na pete ile ndiyo iliyokuwa hukumu. Mti ulioingia kwenye pete ukapita, ulikuwa mwembamba mno. Umekatwa kabla ya wakati wake, na kibali hakikuuruhusu. Uliokataa kupita ulikuwa halali.

"Mti ukipita hapa," alikuwa akisema, "si mti huo. Ni mtoto wa mtu."

Sisi tulimwita Bwana Misitu. Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Mimi nilikuwa mpanga miti katika yadi moja ya Mji wa Kale, karibu na bandari ya zamani, na nilimjua miaka kumi na mmoja, karibu yote katika miaka ya tisini. Alipozikwa kwao Rabai, watu wa yadi tuliokwenda tulikuwa wawili. Wanaomkumbuka sasa wanamkumbuka kwa miaka yake ya mwisho kazini, na wanasema alikuwa mkaguzi aliyenunuliwa. Hakununuliwa. Alivunja sheria mara moja, akaivunja kwa ajili yangu, na tajiri wa yadi akalishika kosa hilo kama mtu ashikavyo kamba ya mbuzi, asiliachie mpaka mwenzake alipostaafu. Naandika ili jambo hilo lijulikane lilivyokuwa.

Malori hayaingii katika vichochoro vyetu. Miti ilishushwa barabarani, kisha wachukuzi wakaibeba mabegani wawili wawili, wakipiga kelele "Mti! Mti!" kila penye kona ili watu wajibane ukutani. Mkaguzi mwingine angengoja yadini, kivulini. Yeye alisimama kwenye kona ya pili, ile iliyochubuliwa na miti hata mawe ya ukuta yanaonekana, kwa sababu hapo mchukuzi lazima apunguze mwendo. Alitazama tako la mti linapopita, na kabla halijafika kwangu alikwisha kujua ni mti gani na umekatwa lini.

"Huu ni muia. Huu mkandaa. Huu ulikatwa juzi, Bwana Omari, hata haujajua kama umekufa."

Iliyofaa aliigonga takoni kwa nyundo ya serikali, ambayo kichwa chake kilikuwa na herufi mbili zilizoacha alama. Nyundo ile aliitembeza katika mfuko wa kitambaa alioshonewa na mkewe, na hakumpa mtu kuishika. Mara moja Kombo, mchukuzi wetu mwenye maneno, aliinyanyua tu kutoka mezani aone uzito wake. Bwana Misitu alinyosha mkono akangoja mpaka Kombo akairudisha kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

Isiyofaa aliipaka rangi nyekundu takoni na kuitenga. Afisi yao haikuwa na mahali pa kuiweka, kwa hivyo ilibaki katika yadi ya tajiri yule yule aliyeileta, nje ya ghala, kando ya ukuta, ikingoja kesi. Aliihesabu, akaandika idadi katika kitabu chake cha jalada jeusi, na tajiri akatia sahihi kuwa ndiye mlinzi wake. Ilikuwa kama kumwachia paka ulinzi wa samaki, lakini ndivyo kanuni zilivyosema, naye hakuwa mtu wa kuzicheka kanuni.

Kombo alipenda kumchokoza. Siku moja alimwinamishia kichwa. "Bwana Misitu, hebu nipitishe na mimi kwenye pete nijijue."

"Ukipita nitakupaka nyekundu, Kombo, ulale pale ukutani mpaka hakimu akuite."

"Na hakimu ataniita lini?"

"Rundo lile la chini lina miaka mitatu. Chukua mto."

Hakunywa maji ya yadi ile. Alikuja na chupa yake, na kahawa aliinunua mwenyewe kwa muuza kahawa, akainywa amesimama nje ya lango. Tajiri alimletea kiti, akakikataa. Lakini siku za Idi alikaa chini pamoja nasi wachukuzi, akala katika sinia letu kwa mkono, akafuta na ukoko. Tajiri aliliona hilo likamuuma. "Kwangu hanywi hata maji, kwenu anakula wali." Nilimuuliza Bwana Misitu. Akasema, "Nyinyi hamna miti."

Kwa mtu wa misitu ya baharini, alikuwa mwoga wa maji kuliko paka. Aliwahi kunieleza kwamba katika mikoko yenyewe ameingia mara tano tu maishani, zote kwa amri, na zote aliombea roho yake. Hakujua kuogelea. Akivuka Likoni alisimama katikati ya feri, mbali na ukingo, macho ameyafumba, na midomo inacheza. Miti aliijua kwa matako yake, kama daktari ajuaye watu kwa koo zao. Na kitanda chake mwenyewe, pale kwenye nyumba za baraza la mji, Buxton, kilikuwa cha miguu ya mkoko. Nilipokiona nikacheka. Akageuza kitanda ubavu akanionyesha alama ya nyundo kwenye kila mguu, yote minne.

Misemo yake haikuwa mingi, lakini aliirudia. "Mti hauna wakili." Hiyo aliisema tajiri alipoanza kueleza jinsi shehena ilivyochanganyika huko kaskazini bila yeye kujua. "Kitabu hakisahau." Hiyo alijiambia mwenyewe, akiandika. Alikuwa na hati nzuri, ya shule ya misheni, na kila kosa aliloliandika kitabuni alilikata kwa mstari mmoja tu ili lililokatwa lisomeke. Kufuta hakukuwako kwake.

Watu walimwogopa, na walikuwa na sababu. Kulikuwa na fundi mmoja wa Bondeni aliyeezeka nyumba yake kwa pau tisa zisizo na alama. Pau ni ile miti myembamba ya kuezekea. Bwana Misitu aliziona kutoka barabarani, kwa sababu alizoea kutembea mjini ameinua uso, akisoma mapaa ya watu kama wengine wasomavyo vibao vya maduka. Alirudi na askari wawili na ngazi. Mke wa fundi akatoka na mtoto mgongoni.

"Baba, mvua yaja."

"Naiona, mama."

Pau zikashushwa zote tisa. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuandika tu idadi yake, mtu akashtakiwa na paa lake likabaki. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu wanalala kitandani.

"Kidhibiti lazima kionekane. Hakimu hahukumu mti asiouona."

Jioni ile ile alirudi Bondeni na turubai la nyumbani kwake, akapanda ngazi mwenyewe, akaliziba lile pengo. Hilo watu hawalisimulii. Wanasimulia paa.

Jumapili alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Akitoka kanisani alipitia yadini, na suti yake ya kijivu na kofia, akahesabu rundo lililotengwa. Mti mmoja mmoja, kwa sauti. Kisha akaandika kitabuni kwamba idadi imetimia, na Jumatatu tajiri akatia sahihi. Tulidhani ni wazimu mdogo. Sasa nafikiri alihesabu kwa sababu miti ile ilikuwa amana yake, na hakuwa na kitu kingine mjini humu ambacho mtu alimwamini nacho.

Mke wangu alifariki Jumapili, alfajiri, kwa homa. Ulikuwa mwezi wa mvua, na homa ilikuwa imewachukua wengi mtaani petu, hata msikiti ukaishiwa na viunza. Viunza ni vile vipande vya miti vinavyopangwa kaburini kuuziba mwanandani, ili udongo usimwangukie maiti. Maduka ya mbao yalikuwa yamefungwa. Tajiri alikuwa Malindi arusini, na ufunguo wa ghala alikuwa nao. Shemeji yangu akasema tuung'oe mlango wa jikoni tuupasue. Nikamwambia angoje kidogo, nikatoka. Sijui nilikwenda yadini kutafuta nini. Miguu ilizoea njia ile.

Nilimkuta Bwana Misitu, hesabu yake imefika sitini na tatu. Aliponiona akaweka kidole juu ya pau aliyofikia, asiipoteze hesabu.

"Bwana Omari. Leo si siku yako."

"Mama watoto amefariki."

Kidole kikaondoka juu ya mti. Akavua kofia. Akauliza maziko ni saa ngapi, nikamwambia baada ya adhuhuri, na nikamweleza habari ya viunza na habari ya mlango wa jikoni. Sikumwomba kitu. Nimejiuliza sana juu ya hilo, na jibu ni kwamba sikuomba. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya rundo la miti nikisema sina miti, na mtu akisimama hivyo, ameomba.

Aliangalia rundo, akaangalia kitabu, akaangalia rundo tena.

"Msiung'oe mlango," akasema. "Vyatakiwa vipande vingapi?"

"Thelathini. Vya urefu wa mkono."

"Pau moja itatoa sita." Akavua koti akalitundika kwenye msumari wa lango. Akachomoa pau tano kutoka rundoni, zile zilizonyooka zaidi, akachukua msumeno wangu akazikata mwenyewe. Mimi nilimshikia ncha. Magome ya mikoko hutoa maji mekundu, yakaiingia mikono ya shati lake jeupe, na najua hayatoki. Alipomaliza akafunga mafungu mawili, akanitwika moja, la pili akalichukua begani mwake. Tukapita vichochoroni na shati lake la kanisani, na kila penye kona alisema "Mti, mti", polepole, kama anayetoa udhuru.

Makaburini hakuingia. Alisimama nje ya ukuta, kofia mkononi, mpaka tukamaliza. Miaka baadaye, kule Rabai, nami nilisimama nje ya kanisa lao, nikakumbuka.

Tajiri alirudi usiku ule. Siwezi kusema alikuwa mtu mwovu. Mchele wa matanga ya mke wangu ulitoka kwake, na alikaa nasi mkekani siku zote tatu. Nilipokwenda kazini siku ya nne, nilimkuta na Bwana Misitu langoni, kitabu kimefunguliwa kati yao. Nilimsikia tajiri akisema kwa upole kabisa, "Mimi sina neno, Bwana Misitu. Sina neno hata kidogo." Nikadhani wanazungumza habari ya msiba. Nikapita.

Tangu siku ile Bwana Misitu hakusimama tena kwenye kona ya pili.

Shehena ya kwanza iliyokuja ilikuwa ya miti ambayo hata mimi, nisiye mkaguzi, niliona ni watoto. Bwana Misitu alikaa kwenye kiti. Kile kile cha tajiri alichokikataa miaka yote, sasa alikikalia. Pete haikutoka ndani ya shati. Nilipomaliza kuipanga miti, akafungua mfuko wa kitambaa akanipa nyundo.

"Gonga wewe, Bwana Omari."

"Mimi?"

"Mgongo waniuma."

Nikagonga. Niligonga siku ile, na nikagonga miaka minne iliyofuata. Kombo alisema, "Amelainika mzee. Kila mti una siku yake ya kuoza." Wengine walitaja alichopewa: wengine shamba, wengine pikipiki. Mimi sikumtetea. Nilimchukia kidogo, nasema kweli. Nilisema moyoni, huyu aliyelishusha paa la maskini, leo anaona haya gani kukagua? Naye alikaa kwenye kile kiti akiangalia ukuta, na nilipomrudishia nyundo aliifuta kwa kitambaa kila mara kabla ya kuitia mfukoni. Maji ya yadi aliendelea kutoyanywa. Hilo lilinichanganya. Mtu aliyekwisha kula miti, kwa nini anaogopa maji?

Jumapili aliendelea kuja. Alihesabu mpaka mia na saba, akaandika, akaenda zake. Zamani ilikuwa mia na kumi na mbili.

Kesi ya rundo lile haikuitwa hata siku moja. Mwaka wake wa mwisho kazini likaja lori la kulichukua kwenda kunadiwa. Bwana Misitu alifika mapema kuliko lori, amevaa suti ya kijivu siku ya kazi, kitabu kwapani. Vijana wa lori walirusha miti juu kama wanaorusha kuni. Alimfuata mwenye lori kutoka upande huu hadi upande ule.

"Hutaki kuhesabu?"

"Nihesabu nini, mzee?"

"Kuna idadi hapa. Imeandikwa."

"Mzee, mimi nimeambiwa nilete miti. Hii si miti?"

Lori likaondoka. Akabaki pale ambapo rundo lilikuwa, ardhi ni nyeupe na wadudu wanakimbia, kitabu kimefunguka mkononi. Nilidhani ni uzee. Nilimletea maji, nikasahau kwamba hanywi. Akayanywa yote.

Akastaafu. Akaja mkaguzi mpya, kijana mwenye futi ya chuma, mkali. Katika shehena yake ya kwanza alikataa karibu nusu. Tajiri alikuja nilipokuwa nikipanga, amekasirika, akakaa kwenye kile kiti akasema kama anayeongea na nafsi yake, "Huyu sijui nitampatia wapi. Yule wa kwanza nilimpata kwa pau tano tu. Pau tano za kaburi."

Kisha akakumbuka ni nani aliyekuwa mbele yake. "Omari," akasema. "Mambo ya zamani hayo."

Niliuweka chini mti niliokuwa nao. Nikauegemeza vizuri, usianguke. Nikachukua shati langu msumarini nikatoka, na yadi ile sikurudi tena.

Bwana Misitu alikuwa amehamia kwa bintiye Kadzo, Tudor, ghorofa ya pili. Nyumba ile ina dirisha kubwa linaloangalia hori la bahari, na kando ya hori ni mikoko, ile iliyobaki. Nilimkuta amekaa amelipa dirisha mgongo, uso kwenye ukuta mtupu.

"Tumegeuza kiti mara ngapi," Kadzo akaniambia. "Upepo mzuri wote huu. Hataki."

"Sabalkheri, Bwana Misitu."

"Akheri. Bwana Misitu yuko afisini, ni kijana mmoja. Mimi ni babake Kadzo." Kisha akaniangalia vizuri. "Leo si Jumapili. Mbona hukwenda kazini?"

"Nimeacha."

Kadzo akaenda kuweka chai. Nikamwambia nimesikia habari ya zile pau.

"Nani amesema?"

"Tajiri."

"Amesema ngapi?"

"Tano."

"Basi amesema kweli. Zilikuwa tano." Akachukua kile kitabu cheusi kutoka mezani, akakifungua bila kutafuta ukurasa. Iliandikwa kwa hati yake nzuri: *Pau tano zimetolewa kwa maziko.* Na chini yake, sahihi ya tajiri.

"Kwani ulilazimika kuandika?" nikamuuliza.

"Ningeandika nini? Mia na kumi na mbili, na mbele yangu ziko mia na saba?"

"Na kwa nini hukunambia? Miaka yote ile nimekugongea nyundo."

Alikifunga kitabu akakiweka magotini. Alisema polepole, kama mtu anayepanda ngazi.

"Zile pau zilikuwa kidhibiti. Tajiri alinambia: kesi ikiitwa, zitatakiwa zote. Hakimu atauliza tano ziko wapi, na kitabu kitasema ziko wapi. Kisha akanambia, mimi sina neno. Ikiwa wewe huna neno na miti yangu, mimi sina neno na yako."

"Hakuna hakimu anayefukua kaburi kwa pau tano, Bwana Misitu."

"Sasa najua. Nilipostaafu nilikwenda kumuuliza wakili. Alicheka mpaka akavua miwani." Yeye hakucheka. "Lakini wakati ule mimi nilikuwa mtu niliyeshusha paa la Bondeni, mvua ikija, kwa pau tisa. Mwenyewe, kwa mdomo wangu. Kama paa lilishuka, mbele ya sheria kaburi ni nini? Nililala nikawaona wale askari wawili. Hawakuwa na ngazi tena, walikuwa na majembe."

Kadzo alileta chai, akatuangalia, akaiweka akatoka.

"Ungenambia," nikasema. "Lilikuwa kaburi la mke wangu. Lilikuwa neno langu mimi kusema."

"Kwa hiyo sikukwambia. Nakujua, Bwana Omari. Ningekwambia, ungekwenda mwenyewe na jembe."

Nilitaka kukataa. Nikafikiri. Nikamfikiria jinsi alivyokaa kwenye kile kiti, na nikajifikiria mimi nilivyokuwa wakati ule, nisiyeweza kuwa na deni la mtu hata la chumvi. Sikukataa.

Tukanywa chai. Kisha akaniomba niiname chini ya kitanda, kile cha miguu ya mkoko. Chini yake, zimefungwa kwa kamba, zilikuwa pau tano. Nene, zimenyooka, na alama ya nyundo kwenye kila tako. Risiti ya duka ilikuwa imekunjwa ndani ya kamba. Akaitoa pete shingoni akataka niijaribu kila moja, na hakuna hata moja iliyopita.

"Nilinunua mwezi niliostaafu," akasema. "Nikazipeleka afisini. Nikamwambia yule karani, nazirudisha. Akaniuliza, kwa fomu gani? Nikamwambia, niandikie barua tu. Akasema hawezi kupokea miti ambayo serikali haiidai. Nikamwonyesha kitabu. Akasema, mzee, kesi ile imefungwa, nenda ukapumzike. Nikazirudisha nyumbani kwa mkokoteni. Mara mbili nimekwenda. Kadzo anataka azifanye nguzo za kamba ya kuanikia nguo."

"Wataka nifanye nini?"

"Sijui. Wewe ndiye uliyepewa. Pengine wewe waweza kurudisha mahali ambapo mimi siwezi."

Nilijua mahali. Nikazitwika begani zote tano, nikashuka ngazi, nikatembea nazo kutoka Tudor, jua likiwa kali, na nilipoingia vichochoroni nikasema "Mti, mti" kila penye kona. Kwenye msikiti wa mtaani petu nilimkuta mzee anayetunza vyombo vya maziko. Nikaomba msumeno, nikazikata uani. Thelathini.

Mzee akaja mbio. "Innalillahi. Nani tena?"

"Hakuna aliyekufa. Ni akiba."

"Zimetoka kwa nani?"

Nikafikiri niseme ni za nani. "Ni za serikali," nikasema. "Niandikie kwamba umezipokea."

Alinishangaa, lakini aliandika, kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la madrasa: amepokea pau tano, vipande thelathini, kwa ajili ya viunza. Akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu.

Kesho yake nilirudi Tudor. Bwana Misitu alivaa miwani, akaisoma ile karatasi mara mbili, akaigeuza aone kama kuna kitu nyuma, akaisoma tena.

"Haina muhuri," akasema.

"Haina, Bwana Misitu."

Akainyosha juu ya goti kwa kiganja, mikunjo yote, taratibu. Akafungua kitabu penye ukurasa ule, akaitia ndani, akakifunga, akaweka mikono yote miwili juu ya jalada. Hakugeuza kiti. Tukakaa hivyo, sote wawili tukiangalia ukuta, na nyuma yetu upepo wa hori ukiingia dirishani.